Umesikia Nini, Mzee Marko?

Kilosa hapa tuna mzee mmoja, ukimpita na gari akiwa amekupa mgongo, anakutajia gia uliyopo. Anaitwa Marko. Jina la ukoo analo ila halitumiki, mji mzima unamwita Marko Sikio. Unakaa naye pale kwa Ashrafu fundi pancha, barabara ya stesheni ya zamani. Lori linakuja kutoka darajani, halijaonekana bado, linasikika tu. Mzee anamenya muwa, wala hageuki.

"Ya tatu," anasema. "Klachi imekwisha. Na dereva kabanwa na haja."

Lori linatokea, linasimama, dereva anaruka chini na kukimbilia nyuma ya kibanda. Watu hoi.

Ile ya haja huwa anabahatisha. Gia habahatishi.

Marko kazaliwa milimani huko juu kwa Wakaguru, kwenye nyumba ambayo Jumapili ni kanisa na Jumatatu ni jembe, hamna mjadala. Shule ya misheni ilimfundisha kusoma, kuandika, na kuwadharau wasiojua. Hilo la tatu ndo alilofaulu zaidi. Akashuka Kimamba bado kijana, enzi mkonge unavunwa kweli kweli, akapewa trekta ambalo kwenye dashibodi yake hakukuwa na mshale hata mmoja unaofanya kazi. Spidi hamna, joto hamna, mafuta hamna. Kila kitu alitakiwa akijue kwa kusikiliza. Injini ikiguna hivi, umezidisha mzigo. Ikiimba hivi, badilisha gia. Miaka minne juu ya trekta lile, alivyoshuka akapanda malori, na huko kwenye malori alikaa mpaka nywele zikawa nyeupe: mahindi ya Munisagara, mpunga wa Rudewa, mbao. Mishale ya kwenye dashibodi hakuwahi kuiangalia. Alisema hiyo imewekwa kwa ajili ya viziwi.

Treni ya umeme ilipoanza kupita, mji mzima ulitoka na simu kupiga picha. Marko alisimama, akaisikiliza ikipita, akakunja uso.

"Haina gia," akasema. "Sasa hapo mtu unasikiliza nini?"

Akarudi kwenye muwa wake.

Mpaka hapo unaona ni babu mtamu, si ndiyo? Subiri.

Nusu ya madereva wa Kilosa kawafundisha yeye, na hakuna hata mmoja anayemkumbuka kwa upendo. Alikuwa na utaratibu wake. Ukikwaruza gia, ile krrraa ya chuma kwa chuma, anakwambia zima. Unazima. Anakuuliza kwa upole kabisa, kama daktari: "Umesikia nini?" Hapo inabidi ushuke, uzunguke mbele, ulaze sikio lako kwenye boneti, useme kwa nguvu watu wasikie: "Nimesikia ujinga wangu." Ukisema kwa kujificha, anakwambia, "Sauti haijafika stesheni." Unarudia. Na masomo alikuwa anayafanyia palepale barabara ya stesheni, wakati abiria wamejaa na wauza karanga hawana kazi. Ilikuwa burudani ya bure. Watu walikuwa wanakuja na viti, aisee.

Kati ya wote waliolaza sikio, anayekumbukwa ni Debora. Alikuwa na miaka kumi na tisa, binti wa kanisa lile lile la Marko, kaja kujifunza na sketi ya kwaya. Siku ya gulio akakwaruza gia ya pili. Akalaza sikio. Sauti haijafika stesheni. Akarudia. Haijafika. Mara ya tano akaanza kulia, Marko akamwambia, "Chozi halibadilishi gia, mwanangu, rudia." Akarudia mpaka mara kumi na moja. Halafu mzee akafungua mlango, akamshika vidole mbele ya gulio zima, akavinyanyua juu kama mtu anayeuza samaki.

"Angalieni mikono hii," akasema. "Hii imeumbiwa mwiko. Nenda nyumbani, Debora. Kasonge."

Gulio likalipuka. Miezi kibao binti wa watu alikuwa hawezi kununua nyanya bila muuzaji kumwuliza umesikia nini. Akahama. Morogoro kwanza, halafu Mikumi, akasomea udereva wa watalii, akaendesha gari za mbugani miaka mingi, nyingi zake otomatiki. Alivyorudi Kilosa alikuwa mtu mzima mwenye leseni zote, ana duka la vipuri vya magari, na anakodiwa na wenye magari mazuri. Siku ya kwanza alipomkuta Marko kwa Ashrafu alipiga goti kidogo kama inavyotakiwa.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba. Mwiko umekatika?"

Watu wakacheka. Debora naye akacheka. Alicheka vizuri sana, mtu anayemjua angeogopa.

Sasa njoo huku kwenye gari yenyewe.

Rudewa kuna bwana anaitwa Mashauri, Msukuma, familia yao ilikuja na ng'ombe kutoka kanda ya ziwa zamani kidogo. Ana mifugo, ana mashamba ya mpunga, hana mdomo mwingi. Mwaka huu akaamua na yeye aache kupanda bodaboda kama mkulima wa kawaida, akauza ng'ombe, akaleta dabo kebini nyeupe ya dizeli, otomatiki. Kuendesha hajui. Akauliza dereva bora Kilosa ni nani. Wote wakamwambia Marko Sikio, kwa sababu ndivyo tulivyozoea kusema.

Na Marko wakati huo alikuwa na hali mbaya. Lori alilokuwa anaendesha, tajiri mwenye lori alishaliuza kama chuma chakavu. Miezi saba mzee hana usukani. Alikuwa anaendesha stuli ya Ashrafu. Mkewe, Katarina, alikuwa anamtuma dukani, na akirudi anamwuliza amekuja na gia ya ngapi. Kwa hiyo Mashauri alipomkabidhi ule ufunguo, mzee aliufunga kwenye kamba ya kiatu akauvaa shingoni. Kanisani nao. Kulala nao.

"Hata pete yangu hujawahi kuivaa hivyo," Katarina akamwambia.

"Pete haiwashi kitu," akajibu.

Unaona mtu wa aina gani.

Siku ya kwanza mguu wake wa kushoto ulienda kutafuta klachi. Klachi hamna. Ukaikuta breki, ukaikandamiza kwa nguvu zote za miaka arobaini, na kofia ya Mashauri ikaenda kugonga kioo cha mbele. Huo ulikuwa mwanzo tu. Shida kubwa ilikuwa mguu wa kulia. Kwenye lori bovu unakanyaga mafuta mpaka chini, unaachia, unabadilisha gia, unakanyaga tena mpaka chini. Otomatiki haiko hivyo. Otomatiki inausoma mguu wako. Ukikanyaga mpaka chini inajua una haraka, inashusha gia, resi zinapanda, na injini ya dizeli inapiga kelele kama mashine ya kukoboa. Ukiachia ghafla inapandisha gia, inanyamaza. Ukikanyaga tena, inashusha tena. Kwa hiyo Marko akipita mjini ilikuwa ni uuuuuu, mmm, uuuuuu, mmm, kama mtoto mkubwa analia njia nzima na kupumzika kidogo kuvuta pumzi.

Kilosa hatuna huruma na vitu kama hivyo.

"Mwalimu, shikamoo!" Ashrafu anapaza sauti. "Leo umekuja kukoboa? Nina debe mbili hapa!"

"Marahaba. Kichwa chako ndo kikobolewe."

"Iko gia ya ngapi hiyo, mwalimu?"

Na hapo ndo palikuwa panauma. Hajui. Gia zinabadilika zenyewe huko ndani, mara mbili kabla hajamaliza kusikiliza moja. Mtu ambaye anataja gia ya lori lililo ng'ambo ya mto, hajui gia ya gari aliyoikalia. Kuna mtu akairekodi ile sauti akaiweka kwenye grupu la mji. Ndani ya saa moja kuna waliokuwa wanaitumia kama mlio wa simu. Simu ikilia sokoni, uuuuuu mmm uuuuuu, watu wanajibu kwa pamoja: "Mzee Marko huyooo!" Mpaka kwenye msiba ililia. Marehemu tu ndo hakucheka.

Marko akasema gari ni mbovu. Fundi akaikagua, akapima mafuta ya giaboksi, akaizungusha, akarudi. Gari nzima kabisa. Akasema kibovu ni kile kiatu cha kulia.

Mashauri alivumilia wiki tatu. Halafu Jumatatu akaja kwa Ashrafu kwa miguu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, Mashauri."

"Gari yangu inalia."

"Inazoea."

"Mimi ninayo ng'ombe mia na kitu, hakuna anayelia hivyo." Akavua kofia. "Jumamosi tunaenda Mikumi kwa wakwe. Kijana wangu Shimba anaoa huko, ni mara yangu ya kwanza kuingia kwenye ule mji wao. Siwezi kufika nalia. Gari ikipiga kelele njiani, hata mara moja, ufunguo anachukua Debora. Nimeshaongea naye. Atakaa nyuma."

Alisema mbele ya watu. Marko akaushika ufunguo shingoni kama mtu aliyeambiwa anatafutwa na polisi.

Alhamisi Debora mwenyewe akaja. Na hapa tuwe wakweli, alikuja kwa wema. Alisimama pale kwenye matairi, akaongea kwa heshima, watu wote wakasikia.

"Mzee, kelele ni za aina mbili. Ukiwa unapanda, ni mguu. Usiikanyage mpaka chini, ibembeleze, itapandisha gia yenyewe na kutulia. Ukiwa unashuka na mguu wako hauko kwenye mafuta halafu ukasikia inalia, hiyo iache. Hapo inashusha gia makusudi ili injini iushike mzigo, breki isiungue. Hiyo kelele ni nzuri. Nitamweleza na Mashauri."

Marko akamwangalia. Akauangalia umati. Angeweza kusema asante. Neno fupi tu.

"Jamani," akasema, "mwiko umejifunza kuongea."

Kijiwe kikaanguka kwa kicheko. Ashrafu aliangusha spana. Debora akasema, "Haya, mzee," akaondoka, na kwa Mashauri hakwenda kueleza kitu chochote.

Sasa sikia ujanja wa Marko. Ijumaa asubuhi alitoka peke yake na gari mpaka njia ya Kimamba, akajaribu ule ushauri wa kubembeleza mafuta. Ukafanya kazi. Gari ikapanda kimya kama imekula. Hakumwambia mtu. Upande wa kushuka ndo akatumia elimu yake mwenyewe. Madereva wetu wa malori wana tabia moja ya siku zote: mteremko ukianza, toa gia, weka frii, gari iserereke yenyewe na dizeli ibaki. Wengine wako hai mpaka leo. Kwenye otomatiki frii ni ile herufi N. Marko akaisukuma pale, injini ikajitenga na magurudumu, resi zikashuka mpaka chini kabisa, kimya.

Jioni akashuka kale kamteremko ka kuingia stesheni bila mlio wowote. Akasimama mbele ya Ashrafu, akashusha kioo taratibu.

"Mnasikia nini?" akauliza.

Watu wakapiga makofi. Ashrafu akamnunulia soda. Grupu zima likaandika kwamba mwamba amerudi. Usiku mmoja wa ushujaa alipata, tumwachie huo.

Jumamosi wakaondoka asubuhi. Marko kwenye usukani kwa shati la kanisani, ile kamba ya kiatu inaning'inia kwenye swichi. Pembeni Mashauri kwa suti mpya ya kijivu. Nyuma Mama Kulwa, mkewe Mashauri, kapakata kidumu cha samli ya kuwapelekea wakwe. Katikati binti yao Kulwa na simu yake. Dirishani Debora, mikono kwenye mapaja. Huko kwenye bodi mbuzi wawili na magunia manne ya mchele.

Milima midogo ya mwanzo gari ilipanda bila kulia. Wakishuka, Marko anasukuma N kwa kidole kimoja. Mashauri akawa anatabasamu, kitu ambacho Rudewa hawajakiona. Akawasha redio.

"Kumbe kuna redio," akasema. "Mzee, umeitibu."

"Ilikuwa inataka dereva tu," Marko akasema, akimwangalia Debora kwenye kioo.

Kabla ya kufika Mikumi kuna mteremko mrefu, kipande ambacho barabara ilikuwa inatengenezwa, vumbi na kokoto, kona iko chini mwisho kabisa. Marko akafika juu, akasukuma N. Gari ikaanza kwenda.

Debora akainama mbele kidogo. "Mzee Marko, umeweka frii?"

"Binti, hizo herufi umesomea wapi?"

"Rudisha D. Huu ni mrefu, na tuna mzigo."

"Italia."

"Acha ilie. Ikilia ndo inatushika."

"Mwache mzee," Mashauri akasema bila kugeuka. "Leo ndo kwanza naisikia redio yangu."

Debora akaegemea kiti tena.

Sasa mwelewe huyu mtu alivyoumbwa. Spidi aliijua kwa sikio, maisha yake yote. Injini ikipiga kelele, unakimbia, ikinong'ona, unatembea. Na ndani ya N injini ilikuwa inanong'ona kama gari iliyopaki nje ya kanisa. Masikio yakamwambia tumesimama. Nje miti ilikuwa inapita kama imeitwa mahali. Mshale wa spidi ulikuwa mbele ya pua yake unapanda, na yeye mishale aliwaachia viziwi.

Akagusa breki. Ikashika. Akagusa tena, ikashika kidogo.

"Nani anachoma kwato?" Mama Kulwa akauliza, anasikia harufu.

Akakanyaga mara ya tatu, pedali ikaenda mpaka chini laini, kama mtu aliyekanyaga uji.

"Mia na kumi!" Debora akapiga kelele. "Mzee, angalia mbele yako, mia na kumi! Rudisha D!"

Kulwa alikuwa anarekodi video ya safari kwa ajili ya status yake, na ndo maana tunajua vyote hivi. Kwenye ile video mkono wa Marko unaonekana vizuri juu ya gia. Alikuwa anajua. Uso wake unaonyesha kabisa kwamba sasa anajua. Kuisogeza tu ile gia nyuma, injini itashika. Na itapiga kelele. Na ikipiga kelele, ufunguo umekwenda, na umekwenda kwa nani. Kuna watu watano ndani ya gari, mbuzi wawili, kona inakuja, na mzee kakaa anauwaza ufunguo. Nimehesabu, kila mtu Kilosa kahesabu: sekunde sita mkono uko pale hauendi popote.

Ya saba, mkono mwingine unaingia kwenye picha kutoka nyuma. Vidole vile vile vilivyonyanyuliwa gulioni. Debora akaufunika mkono wa mzee kwa wake, akabonyeza kitufe, akavuta. D. Halafu tena, namba mbili.

Ndugu zangu, ile gari ililia. Zile kelele za mjini zilikuwa za kuimba. Hii ilikuwa ya kuchinjwa. Resi zikapanda mpaka mwisho, wote wakaenda mbele kama wanasujudu, mbuzi mmoja akaona isiwe tabu, akaruka kutoka kwenye bodi na mpaka leo hajaonekana. Spidi ikaanza kushuka. Tisini. Sabini. Kona bado. Hamsini. Marko akaelekeza pua kwenye tuta la mchanga la wale wanaojenga barabara, na gari ikazama humo mpaka kwenye taa. Usukani alishika vizuri, hiyo tumpe.

Hakuna aliyekufa. Kidumu tu kilifunguka. Samli yote ilimwagikia upande mmoja, na upande wenyewe ulikuwa wa Mashauri. Kuanzia kwenye nywele. Suti ikageuka rangi. Baba wa bwana harusi akashuka kwenye gari anang'aa kama kitumbua.

Wote wakasimama nje, vumbi linashuka, injini bado inanguruma. Debora akaingiza mkono dirishani, akazima, akachomoa ufunguo na kamba yake ya kiatu. Halafu akapiga goti kidogo, palepale mchangani.

"Shikamoo mwalimu."

Mzee hakutaka hata kumwangalia, ila shikamoo ni shikamoo.

"Marahaba."

"Umesikia nini?"

Mashauri akafuta samli machoni. "Anauliza nini huyu?"

Debora akamweleza. Akamweleza utaratibu wote taratibu, kuzunguka mbele, sikio, boneti, maneno yenyewe. Hakuongeza chumvi. Mashauri akasikiliza mpaka mwisho, akaitazama suti yake, akamtazama mkewe aliyekuwa amekaa chini ameshika kidumu kitupu.

"Basi afanye," akasema.

"Mashauri," mzee akasema, "mimi ni sawa na baba yako."

"Baba yangu alikuwa anaangalia anakokwenda."

Wajenzi wa barabara walishafika, watu kama ishirini na makoti yao ya kung'aa, wamesimama wanaangalia. Marko akazunguka mbele. Boneti ya dizeli iliyotoka kulia namna ile, na jua la saa tano juu yake, unaweza kukaanga yai. Akalaza sikio. Ilitoka sauti ndogo, tsss, na mzee akaruka. Debora akasubiri. Mzee akalaza tena.

"Nimesikia ujinga wangu."

"Sauti haijafika kwa mama," Debora akasema, na Mama Kulwa alikuwa hatua nne.

"Nimesikia ujinga wangu."

"Bado."

Mara ya tatu wajenzi walianza kumsaidia kuitikia, wanadhani ni mchezo. Mara ya tano Mama Kulwa akasema, "Mwanangu, inatosha." Debora akasema, "Shikamoo mama, bado sita."

Na zikaisha zote kumi na moja. Kulwa hakuzima simu.

Kwa wakwe walifika kwenye tipa la kokoto, Mashauri kasimama nyuma na mbuzi mmoja, samli imeshika vumbi lote la njiani. Wanasema mama wa bibi harusi alimpa maji ya kunawa, akamwuliza kama baba wa bwana harusi atakuja baadaye. Ndoa ilifungwa lakini, msiwe na wasiwasi. Marko walimwacha kwenye mchanga alinde gari mpaka ivutwe. Hakuwa na ufunguo. Alikaa nje.

Video ilifika Kilosa kabla yake. Stika zilifika kabla ya video. Ukimwambia mtu jambo lisilo na akili kwenye grupu, unarudishiwa Marko kalaza sikio kwenye boneti, macho yamefumba kama anasali. Katarina alimpaka mafuta ya nazi kwenye sikio, akamfunga na kitambaa cheupe. Aliulizwa sokoni mzee anaendeleaje, akasema, "Hilo la kushoto ndo bado zima." Yaani mke wake.

Gari ilinyooshwa, breki zikabadilishwa, na sasa inaendeshwa na Debora. Kupanda, kimya. Kushuka kale kamteremko ka stesheni, anaiacha kwenye D, anagusa breki kidogo, gari inashusha gia yenyewe na kuanza kulia, kelele ile ile iliyokuwa mlio wa simu za watu. Safari hii hakuna anayecheka. Ashrafu anainua kichwa kwenye tairi, anatikisa kidole kwa wateja kama profesa.

"Mnasikia hiyo?" anawaambia. "Huyo dada anajua gari. Anaishika na injini."

Marko anakaa palepale kwenye stuli, muwa mkononi, amewapa mgongo. Hakuna anayemwuliza tena gia ya ngapi. Lori lije, basi lije, hamna. Ila ile dabo kebini ikianza kushuka, unamwona anainamisha kichwa kidogo, upande wa sikio lenye kovu. Kaisikiliza wiki hizi zote na sasa ameielewa. Midomo inacheza.

"Ya tatu," anasema chini chini. Injini inapandisha sauti. "Ya pili."

Yuko sahihi, Debora mwenyewe kashawahi kusema hivyo ndo inavyoshuka. Ashrafu anamwangalia.

"Unasemaje, mzee? Sauti haijafika."

Na kibanda kizima kinaangua kicheko.